Duka Jirani na Duka: Mfanyabiashara Muislamu Ajulikane kwa Lipi?



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alifanya biashara kwa mali ya Bibi Khadija (r.a.), na watu wa Makka wakamjua kwa jina la Al-Amin, yaani mwaminifu. Ama baad.

Somo hili tumewaandikia wanafunzi wa madarasa ya juu, lakini tunawaomba wazazi nao walisome, kwani wengi wao ndio wenye maduka, meza na vibanda. Kila mwaka vijana wetu wanamaliza masomo. Wachache wanapata kazi ya kuajiriwa. Waliobaki wanaingia kwenye biashara, na aghalabu ni biashara ileile aliyokwishaifungua jirani: cherehani, genge la mboga, duka la nguo, kibanda cha kutuma na kutoa pesa. Baada ya miezi michache kibanda kimefungwa, na mtaji ambao mama aliutoa kwenye upatu wake haupo tena. Ukimuuliza kijana sababu atakwambia, "Soko limejaa."

Ni kweli limejaa. Lakini kwenye mtaa huohuo uliojaa, yupo fundi mmoja ambaye watu wanampelekea vitambaa mpaka anavikataa, na yupo mama mmoja wa vitumbua ambaye saa moja na nusu asubuhi sinia lake ni tupu, ilhali wenzake wawili waliokaa karibu naye bado wanafukuza nzi. Unga ni uleule, nazi ni ileile na bei ni moja. Basi tuangalie wanatofautiana kwa nini.

NIONYESHENI SOKO

Waislamu walipohama kutoka Makka kwenda Madina mwaka 622, Mtume (S.A.W.) aliunga udugu baina ya Muhajirina na Ansari. Abdurrahman bin Auf (r.a.) aliungwa na Saad bin Rabii (r.a.), ambaye alikuwa tajiri. Saad alimtaka wagawane mali yake nusu kwa nusu. Abdurrahman alimwombea dua ya baraka katika watu wake na mali yake, kisha akataka kitu kimoja tu: aonyeshwe soko liko wapi.

Alionyeshwa soko la Bani Qaynuqaa. Hapa tutulie kidogo, kwa sababu kisa hiki husimuliwa mara nyingi kwa ajili ya kusifu moyo wa Saad na kujizuia kwa Abdurrahman, na jambo la biashara likapitwa. Soko lile halikuwa tupu likimsubiri mgeni. Lilikuwa na wenyewe, waliojuana na wateja wao miaka mingi. Abdurrahman hakuwa na duka, hakuwa na jamaa pale, wala hakuleta bidhaa ya ajabu. Alianza na samli na maziwa yaliyokaushwa, vitu ambavyo kila nyumba ya Madina ilivijua. Siku hiyo akarudi na faida. Haukupita muda mrefu akaoa, na mahari aliyotoa ilikuwa dhahabu ya uzito wa kokwa ya tende. Baadaye akawa miongoni mwa Masahaba matajiri kabisa.

Kwa hiyo kijana asiseme kwamba lazima kwanza apate bidhaa ambayo hakuna mwingine anayeiuza. Bidhaa ya namna hiyo, ikipatikana, mwezi wa pili jirani naye ameileta.

MAMBO MAWILI, SI MOJA

Katika Surat Al-Qasas aya ya 26 tunasoma habari za Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan. Aliwanyweshea wanyama wasichana wawili waliokuwa wakisubiri wachungaji wengine wamalize. Mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, na akataja sababu mbili kwa pamoja: ana nguvu, na ni mwaminifu. Tena katika Surat Yusuf aya ya 55, Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba asimamie hazina za Misri alijieleza kwa sifa mbili: ni mhifadhi, na ni mjuzi.

Angalieni, wanafunzi, kwamba mara zote mbili sifa ni mbili. Nguvu katika kila kazi ni uwezo wa kuifanya kazi ile. Nguvu ya mhasibu si ya misuli, ni hesabu. Nguvu ya fundi ni mkono wake na jicho lake. Sisi katika malezi yetu tunasisitiza sana uaminifu, nalo ni jambo jema, lakini tunasahau ile sifa ya pili. Tunadhani kijana akiwa mswalihina basi wateja watamjia. Fundi mwaminifu asiyejua kukata shingo ya kanzu ataharibu kitambaa chako kwa uaminifu wote, atakuomba radhi, na utamsamehe. Lakini kitambaa cha pili utampelekea mwingine.

Katika Hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aus (r.a.), iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila kitu, na mfano alioutoa ni wa kuchinja: mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Huu ni mfano wa chombo cha kazi. Mchinjaji mwenye kisu butu amekosea kabla hajaanza. Basi na fundi mwenye mkasi butu, muuza duka asiye na chenji asubuhi, na kinyozi asiyesafisha mashine yake kati ya kichwa na kichwa wajiangalie hapohapo.

Na yuko Urwa Al-Bariqi (r.a.), ambaye habari yake imo katika Sahih Bukhari. Mtume (S.A.W.) alimpa dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua kondoo wawili kwa dinari ileile, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari mkononi. Mtume (S.A.W.) alimwombea baraka katika biashara yake, na ikasimuliwa kwamba lau angenunua hata udongo angepata faida. Urwa alijua bei za soko na alijua kununua. Huo ni uwezo. Na ile dinari hakuitia mfukoni mwake, ingawa aliyemtuma alikuwa anatarajia kondoo mmoja tu. Huo ni uaminifu. Wangapi kati yetu tukitumwa dukani tunarudisha hata shilingi mia iliyobaki?

FUNDI NA NGUO YA IDD

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kila nyumba inayosoma jarida hili inalijua. Mwezi wa Shaabani mama anapeleka vitambaa vya watoto kwa fundi. Fundi anasema, "Njoo kumi la mwisho." Kumi la mwisho likifika anasema, "Kesho." Mwezi ishirini na nane anasema umeme ulikatika. Usiku wa kuamkia Idd watoto wamekaa kwenye mkeka nje ya kibanda, fundi anatia vifungo huku anasinzia, na suruali moja imetoka fupi. Asubuhi yake mtoto mmoja anaswali Idd na nguo ya mwaka jana.

Fundi huyu mara nyingi si mwizi wala si mvivu. Kosa lake lilitokea Shaabani, alipokubali vitambaa sitini huku mikono yake inaweza arobaini. Aliona haya kumkatalia mteja, au aliogopa mteja aende kwa jirani, akasema ndiyo. Ile ndiyo ndiyo iliyomharibia jina.

Mtume (S.A.W.) alipofika Madina alikuta watu wanalipia matunda kabla, mwaka mmoja au miwili mbele. Kwa mapokezi ya Ibn Abbas (r.a.), hakukataza kulipia kabla, bali aliagiza kwamba anayefanya hivyo afanye kwa kipimo kinachojulikana, kwa uzito unaojulikana na mpaka muda unaojulikana. Masharti ya mkataba huu, unaoitwa salam, wanafunzi watayasoma kwa urefu kwenye somo la fiqhi. Hapa tunachukua adabu yake tu. Kujulikana kipimo ni kuandika: urefu, mabega, mkono, aina ya shingo, si kutia kichwani. Kujulikana muda ni kutaja siku, wala si kusema "wiki ijayo inshaallah". Na kuhusu neno hilo tunawaomba vijana: inshaallah ni ibada, imewekwa kwa mtu aliyeazimia kutenda. Wateja wetu wamefika mahali wakisikia fundi anasema inshaallah wanajua nguo haitakuwa tayari. Hili ni jambo la kutuhuzunisha sana.

Fundi mwenye daftari huhesabu siku zake. Anajua kanzu moja inamchukua muda gani, anajua umeme hukatika, anaacha siku tatu za akiba. Ikifika idadi yake anasema, "Mama, mwaka huu nimefunga daftari, lakini ukileta Rajabu mwakani nitakushonea." Yule mama ataondoka amekasirika kidogo. Mwakani atakuja Rajabu.

KIPIMO NA KASORO

Surat Al-Mutaffifin inaanza kwa onyo kali kwa wale ambao wakipimiwa wanataka wakamilishiwe, na wao wakiwapimia watu wanapunguza. Sokoni kwetu tunayaona mambo haya kila siku. Kopo la kupimia mchele limegongwa kitako kwa ndani. Kisado cha viazi kimepangwa vikubwa juu na vilivyooza chini. Muuza nguo anavuta kitambaa kwenye kijiti cha kupimia mpaka wari moja inaongezeka vidole viwili. Na mwenye mizani anaweka kidole.

Mtume (S.A.W.) alipita kwenye chungu ya nafaka sokoni, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta majimaji. Akamuuliza mwenyewe kuna nini. Akajibu kwamba mvua imeinyeshea. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini asiyaweke yale yaliyorowa juu ili watu wayaone, akaonya kwamba anayetughushi hayumo pamoja nasi. Tuzingatie kwamba yule mtu hakulaumiwa kwa mvua, wala hakukatazwa kuuza. Mali iliyorowa ina bei yake na ina mnunuzi wake, pengine mfuga kuku. Alilaumiwa kwa kuificha.

Imamu Abu Hanifa (r.a.), aliyezaliwa Kufa mwaka 80 Hijria na kufariki mwaka 150, alikuwa mwanachuoni mkubwa na wakati huohuo mfanyabiashara wa vitambaa. Imesimuliwa kwamba alimpelekea mshirika wake bidhaa, na ndani yake mlikuwa na nguo yenye kasoro. Akamwagiza amwonyeshe mnunuzi kasoro ile. Mshirika akauza, akasahau kusema, na mnunuzi hakujulikana ni nani wala ameelekea wapi. Abu Hanifa alipopata habari alitoa sadaka thamani yote ya bidhaa zile. Kufa wakati ule ilikuwa mji wa biashara, wenye vitambaa hawakuwa haba. Sasa jiulizeni, mgeni akiingia mji ule anataka kitambaa, akaambiwa kisa hiki, atakwenda duka lipi?

Kuna njia ndogo za kuanzia, hata kwa mtoto anayemsaidia baba dukani. Maziwa yaliyobakiza siku mbili kuisha muda yasiwekwe mbele ya mengine bila kusema. Mwambie mteja, na umpunguzie. Mama akiuliza kama kanga inachuja, na unajua inachuja, sema inachuja. Hakim bin Hizam (r.a.) amepokea kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, watabarikiwa katika mauzo yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa.

MFANO WA WAKALA

Hapa wapo watakaotuambia: hayo ni ya nguo na nafaka, ambapo mtu anaweza kushona vizuri au vibaya. Sisi tunauza kitu ambacho hakina tofauti hata chembe. Basi tuchukue biashara isiyo na tofauti kabisa, ya wakala wa pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikafika Tanzania mwaka 2008. Leo kwenye stendi moja unaweza kuhesabu vibanda kumi vimepangana. Ada imewekwa na kampuni. Wakala hawezi kupunguza ili kumvuta mteja, wala haruhusiwi kuongeza. Kamisheni ni ileile. Hata rangi ya kibanda imechaguliwa na kampuni. Pesa zinazotoka hapa na pale ni noti zilezile.

Na bado utaona foleni ya watu wanne kwenye kibanda kimoja, na wa jirani anacheza na simu. Tuliwahi kuwatuma wanafunzi wakae wachunguze, nao walirudi na mambo ambayo hayahitaji mtaji mkubwa. Wakala yule anafungua baada ya swala ya alfajiri, wakati wasafiri wanapoondoka, na haondoki bila kuacha mtu. Jioni hupiga hesabu ya floti na pesa taslimu ili asubuhi asiseme "leo hakuna". Mteja akitaja namba, anaiandika kwenye simu kisha anamwonyesha mteja aisome kabla ya kubonyeza. Akitoa pesa nyingi hataji kiasi kwa sauti. Anazihesabu chini ya meza, anamkabidhi mteja, anamsubiri naye ahesabu. Na mzee akimpa simu pamoja na namba ya siri amfanyie, anakataa kwa adabu: "Babu, hii usimpe mtu, hata mimi. Bonyeza mwenyewe, nitakungoja."

Jambo hili la mwisho linamchelewesha dakika tatu, na nyuma yake watu wananung'unika. Lakini wale wanaonung'unika wamelisikia. Nao pia wana namba zao za siri, na wameshajua wampe nani amana zao.

Kwa hiyo bidhaa zikilingana na bei zikilingana, kinachobaki kuuzwa ni mwenyewe muuzaji. Tungependa vijana wetu waliopo kwenye biashara hii walifikirie hilo kabla ya kuhamia nyingine.

ALAMA KWENYE PINDO

Mtu akishajulikana kwa kazi nzuri, anahitaji watu waweze kumtambua. Mfano wetu unatoka pwani hii hii. Mombasa, kwenye Mtaa wa Biashara, maduka ya kanga yamepangana ukuta kwa ukuta. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, liliuza kanga zake zikiwa na alama ya herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla", kwa kuwa mwenyewe watu walimwita Abdulla. Mama zetu na bibi zetu, wengine wasiojua kusoma jina la kanga, walijua kuitafuta alama ile kwenye kitambaa kabla ya kufungua mkoba. Doti ni doti, ina pindo, mji na jina, na kila duka linazo. Alama ilimwambia mnunuzi kitambaa hiki kimetoka kwa nani, na kikiharibika amrudie nani.

Hii ndiyo kazi ya alama, na ndiyo sababu inatisha kidogo. Siku hizi kijana anaanza kwa alama: bango kubwa, kadi za jina, fulana, picha nzuri za kusambaza kwenye simu, na bado hajashona kanzu ya kumi. Alama ni kama sahihi chini ya deni. Usiiweke mpaka uwe tayari kulipa.

YASIYOFAA KATIKA KUJITOFAUTISHA

Kwa ufupi tutaje njia ambazo sheria imezifunga. Kuapa ili kuuza: Mtume (S.A.W.) ametueleza kwamba kiapo huitembeza bidhaa na hufuta baraka. Najshi nayo imekatazwa, yaani mtu asiyekusudia kununua kuongeza bei ili mwingine aingie mtegoni. Ndugu yake ni yule rafiki unayempanga aje dukani kujifanya mteja, na zile sifa ambazo binamu zako wanaziandika kwenye simu kusifia viatu ambavyo hawajavivaa. Imekatazwa pia kuuza juu ya mauzo ya ndugu yako. Wawili wameshapatana bei, wewe unaita kutoka kibanda cha pili, "Njoo huku nikupunguzie!" Jambo hili limezoeleka sana mpaka watu wanaliona ni uchangamfu.

Kuhusu kupunguza bei kuna maelezo. Imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta Hatib bin Abi Baltaa (r.a.) akiuza zabibu kavu, akamwambia apandishe bei au aondoke sokoni. Imamu Shafii akategemea mapokezi kwamba Umar baadaye alimwendea Hatib nyumbani, akamwambia lile halikuwa amri, auze apendavyo. Wanavyuoni wamekhitilafiana, na masheikh wetu watalifafanua darasani. Upande wa hesabu, anayeuza chini ya alichonunulia ili kumtoa jirani, mara nyingi hutangulia kutoka yeye.

KAZI YA DARASA LA SITA NA LA SABA

Chagua mtaa au upande mmoja wa soko ulio karibu na kwenu wenye biashara tatu au zaidi za aina moja. Omba ruhusa kwa wenyewe. Kaa nusu saa mbele ya kila moja, uandike: ilifunguliwa saa ngapi, wateja wangapi walikuja na wangapi waliondoka bila kununua, kama vipimo viko mahali ambapo mteja anaviona, na kama muuzaji alitaja kasoro ya bidhaa bila kuulizwa. Usitaje jina la mtu yeyote kwenye karatasi yako, wala usimweleze jirani yake uliyoyaona.

Wenye wazazi wafanyabiashara waongeze swali moja, wawaulize nyumbani: ni mteja gani amerudi kwetu kwa muda mrefu kuliko wote, na ilikuwaje akarudi mara ya pili? Karatasi zikusanywe kwa mwalimu wa fiqhi baada ya likizo ya Maulidi.